Namba Isiyohama Wakati wa Mvua

Nyamira, 3 Machi 2025

Dada Istarlin,

Kabla hujafika mstari wa pili, tafadhali ingia ile stoo ya nyuma ya duka lenu la vifaa vya umeme, ufunge mlango. Haya ninayoandika usimsomee mtu, hata kaka yako Uzair, hata kwa utani. Niapie kwamba hutamwambia yeyote wa kiwanda hiki kuwa tunaandikiana. Ikijulikana, kazi yangu imekwisha, na kazi yenyewe bado naizoea.

Naandika kwa karatasi kwa sababu simu tunaziacha getini asubuhi. Kiwanda cha chai hakitaki kitu cha mfukoni kianguke kwenye majani. Jioni nikiichukua yangu, Roda ninayelala naye chumba kimoja huishika kana kwamba ni yake, na Roda ni binamu ya meneja. Kwa hivyo barua hii utaletewa na Ronny, dereva wa matatu anayebeba mizigo yenu. Yeye hafungui cha mtu.

Shida ni hii. Hapa tuna boila, lile tangi kubwa la kuchemsha maji kwa kuni, na mvuke wake ndio hukausha majani. Zamani lilikuwa na geji ya kuonyesha nguvu ya mvuke. Kioo chake kilipasuka, ikatolewa, haikurudi. Badala yake waliweka mita ya umeme na waya mrefu unaoleta namba hadi kwenye kompyuta yangu ofisini. Mjomba Ochoki, kaka ya mama, ndiye mchochea moto. Kule chini mita yenyewe haina kioo cha kusomea, kwa hivyo hunipigia simu ya ndani: "Mama, inasema ngapi?" Namsomea. Ikiwa chini ya nane, anaongeza kuni. Ikikaribia kumi, anafunga mlango wa moto na kungoja. Macho yake ni mimi.

Mwezi uliopita radi ilipiga, ikaunguza vile visanduku viwili vya kuunganisha waya, konvata. Fundi wa Nairobi mkataba wake umeisha. Meneja, Bwana Nyabuto, aliniita mbele ya watu: "Wewe si una diploma ya kompyuta? Zifunge." Nikasema ndiyo. Istarlin, nilisema ndiyo! Diploma yangu ni ya utunzaji wa kumbukumbu, unajua. Sasa mjomba anachochea kwa kusikiliza tu tangi linavyolia, na mwenyewe anasema masikio yamezeeka.

Niambie ninunue nini na nifunge vipi. Niandikie kama unamwandikia mtoto.

Rafiki yako,
Abigael


Kisii mjini, 5 Machi 2025

Abi wangu,

Nimeapa. Nimefunga mlango, nimekaa juu ya katoni la betri, nimecheka mpaka Baba akauliza kama nimefungua saumu humu ndani mchana. "Nikasema ndiyo!" Wewe ni yule yule wa chuoni aliyesema anajua kuogelea, tukamtoa bwawani kwa fimbo.

Sasa sikiliza, si vigumu. Mita ya boila inanong'ona. Ukiiunganisha moja kwa moja na kompyuta, sauti yake inaishia njiani. Ndiyo maana kuna konvata mbili. Ya kwanza inakaa hapo kwenye boila, inaupokea mnong'ono na kuupeleka kwenye waya mbili zilizosokotwa pamoja. Huko unaweza kwenda mbali kuliko uwanja wa mpira. Ya pili inakaa ofisini, inayarudisha maneno kwenye kompyuta.

Mchoro nimeuweka kwenye boksi la konvata analokuletea Ronny. A inakwenda kwa A, B kwa B. Ukizipishanisha hakuna kitakachoungua, utapata kimya au takataka, basi zigeuze. Kile kipande kidogo chenye mistari ya rangi ni rezista. Funga kimoja kila mwisho wa waya, ili maneno yakifika yasirudi nyuma kama mwangwi. Kwenye kompyuta weka kasi sawa na iliyoandikwa kwenye mita, 9600. Kasi zikitofautiana ni kama mimi niongee Kisomali na wewe unijibu Kikisii.

Konvata ya ofisini inakula umeme wa kompyuta. Ya boila ina adapta yake ndogo nyeupe, uichomeke kwenye soketi iliyo karibu. Taa ya kijani ikiwaka, iko hai. Nilitaka kukutumia aina inayostahimili radi vizuri zaidi, lakini karatasi ya manunuzi ya meneja wako, aliyokuja nayo Ronny, inasema ya bei ya chini. Basi.

Usiogope. Hofu yako inakula muda kuliko kazi yenyewe.

Istarlin


Nyamira, 10 Machi 2025

Dada Istarlin,

Imesema! Mwanzo ilikuwa kimya, nikatokwa na jasho mpaka bisibisi ikaniteleza mkononi. Nikakumbuka neno lako, nikageuza A na B. Namba ikaruka kwenye skrini: saba nukta nne. Nikampigia mjomba, akatia kuni, nikaiona ikipanda mbele ya macho yangu, nane, nane nukta moja, kama kitu kinachopumua.

Nilipokuwa nafunga kule chini alinishikia tochi. Akaitazama konvata kwenye kiganja changu.

"Hiki ndicho kinachosema?"

"Ndicho, mjomba."

"Kidogo hivi? Na chenyewe kina diploma?"

Wachochea wenzake walicheka mpaka wakaangusha kuni. Kisha meneja akaja na kicheko kikaisha. Akakigonga kisanduku kwa kalamu. "Hiki kikipigwa radi kama kile cha kwanza, Abigael, mtaondoka pamoja." Hakuwa anatania.

Mjomba aliumia kuliko mimi. Yeye ndiye aliyeniombea kazi hapa, alikuja mara kadhaa ofisini akiwa ameshika kofia mkononi. Meneja alipoondoka nikamwambia, "Mjomba, nakuomba, nitunzie. Wewe ndiye unayeshinda nacho." Akanishika bega. "Mama, radi ya Nyamira naijua kabla hujazaliwa. Sanduku lako halitaguswa. Wewe soma tu namba."

Nimelala vizuri kwa mara ya kwanza tangu nije.

Abigael


Nyamira, 19 Machi 2025

Dada Istarlin,

Saumu inaendeleaje? Huku mvua imeanza. Unajua ya huku: asubuhi jua kali, kisha mchana mawingu yanashuka kutoka vilimani, na ngurumo zinatikisa mabati.

Kuna jambo linanisumbua na sijamwambia mtu. Mvua ikinyesha, namba haihami. Asubuhi inapanda na kushuka kama kawaida. Mchana inasimama. Jana ilisimama saba nukta tano. Mjomba alipiga simu, nikamsomea saba nukta tano. Akatia kuni. Akapiga tena, saba nukta tano. Akasema, "Leo ana njaa huyu," akatia tena. Majani yakija na maji hukauka kwa shida, mvuke mwingi unatumika, kwa hivyo labda ni kweli haikupanda. Lakini namba ya kitu kinachochemka inawezaje kukaa kama picha ukutani?

Nilimwambia kwa simu, "Mjomba, nadhani konvata ina kasoro." Akasema, "Haina. Naiona hapa, nzima, kavu. Hakuna radi itakayoifikia hii, usijitie wasiwasi." Anaongea kwa furaha, nikaona haya kumsumbua.

Je, ni mimi nimefunga vibaya? Nijibu haraka. Ile valvu ya kutoa mvuke ukizidi, inayolia kama filimbi, nimesikia ikitajwa kuwa ilikuwa inavuja, ikakazwa. Sijui maana yake. Sijui niulize nani.

Abigael


Kisii mjini, 21 Machi 2025

Abi,

Tulia. Ugonjwa wa mvua ni unyevu, kila fundi wa mji huu anaujua. Mahali ulipounganisha waya kuna maungio yaliyoingiwa na maji, maneno yanapotea njiani, na ile programu ya kompyuta haina akili ya kusema "sisikii." Inaacha namba ya mwisho iliyosikia. Kwa hivyo namba ikisimama usiiamini, lakini usidhani dunia imeisha.

Fanya hivi asubuhi kukiwa kukavu. Fungua kila maungio, kata ncha zilizoota kutu, unganisha upya, funga tepu hii nyeusi niliyokutumia. Kaza rezista zote mbili. Kisha jipime: chomoa waya wa A, utaona namba inasimama. Rudisha, itahama. Ikihama, kazi yako ni safi.

Kuhusu valvu mwambie meneja: ikikazwa sana, mvuke ukizidi hauna pa kutokea. Kwa heshima, kwa ufupi, ukiwa umesimama wima. Nakujua, utataka kumwandikia. Usiandike. Sema.

Istarlin


Nyamira, 26 Machi 2025

Dada Istarlin,

Nimefanya yote. Maungio ni makavu, tepu imekaa, rezista zimekazwa. Nilichomoa A, ikasimama, nikarudisha, ikahama. Asubuhi nzima ilihama. Nikajipongeza kwa chai ya maziwa.

Mchana mawingu yakashuka. Ikasimama saba nukta tatu kabla hata tone halijaanguka. Kabla ya tone, Istarlin. Unyevu gani huo unaokuja kabla ya mvua?

Nilimwendea meneja, wima kama ulivyosema. Nikamwambia namba haihami, na kwamba labda geji ya zamani irudishwe. Akanitazama kana kwamba nimemwomba gari lake. "Namba nzuri imekaa mahali pazuri. Wewe unataka ihame iende wapi?" Watu wa ofisini wakacheka. Kuhusu valvu nilishindwa. Nikarudi mezani pangu.

Mvua ilipopungua nilikimbia hadi boila nione kwa macho. Kila kitu kilikuwa sawa. Taa ya kijani inawaka, mjomba anapangusa konvata vumbi la majivu kwa leso yake. "Umekuja kumwona mtoto?" akaniuliza. "Amelala vizuri." Nikarudi ofisini, na namba ilikuwa inahama tena.

Nimeanza kudhani ni mimi. Kwamba kuna kitu kibaya nilichofunga kwa mikono hii, na hakijioneshi kwa mtu mwenye macho ya kawaida. Kila mjomba akipiga simu sauti inanitetemeka. Leo aliniuliza kama nina malaria.

Abigael


Kisii mjini, 28 Machi 2025, asubuhi

Abi, soma hii ukiwa umesimama.

Jana mawingu yaliposhuka mjini, Baba alipaza sauti kutoka kaunta kama anavyofanya kila mvua: "Chomoeni! Chomoeni vyote!" Tukakimbia, redio, friji, chaji, kila plagi ikatoka ukutani. Nilikuwa nimeshika plagi ya friji mkononi ndipo nikaelewa barua zako zote.

Ni mjomba wako. Anachomoa adapta nyeupe. Ulimwomba akulindie kisanduku dhidi ya radi, na anakilinda kama mtu yeyote wa huku anavyolinda kitu cha umeme. Nadhani anaichukulia kama chaji ya simu: ukiitoa, simu inaendelea kufanya kazi. Hajui kwamba akiitoa konvata inakufa, na wewe unamsomea namba ya zamani, na yeye anatia kuni juu ya kuni. Mvua ikiisha anachomeka. Ndiyo maana kila ukienda unakuta nzima.

Nenda kamwambie sasa. Usingoje chai.

Nimekupigia, simu yako inaita tu huko getini. Nimepiga namba ya ofisi yenu, akapokea mwanaume, akasema, "Nyabuto hapa." Nikakata. Nilikuapia. Nimempa Ronny barua hii na kumwambia asisimame njiani.

Istarlin


Nyacheki, 9 Aprili 2025

Istarlin,

Barua yako ilifika getini siku ile ile, mchana. Nyasani, mlinzi, aliitia kwenye droo pamoja na simu yangu, kama sheria inavyotaka. Alinipa vyote viwili kwa mkono mmoja jioni, akiwa analia.

Namba ilisimama saba nukta sita. Mjomba alipiga. Nikamsomea. Akapiga tena, nikamsomea. Nikasema, "Mjomba, usitie tena, ngoja kidogo." Akasema, "Majani yamejaa maji, mama, na meneja yuko hapa juu yangu. Inasema ngapi?" Niliitazama skrini. Nikasema saba nukta sita, kwa sababu ndivyo ilivyosema.

Sauti haikuwa kubwa. Nilidhani ni radi. Ni bomba la mvuke juu ya mlango wa moto, maungio yake yaliachia. Meneja alikuwa ameshatoka, na wenzake walikuwa wamekwenda kubeba kuni. Yeye hakuwa na pa kwenda. Alifika hospitali akiwa anaongea, akauliza kama kisanduku kimepona. Hakuuliza kingine. Asubuhi hakuwepo.

Kuna jambo nililiona, nakuambia wewe peke yako. Niliposhuka mbio, mvuke ulikuwa bado umejaa, na watu wote walikuwa nje naye kwenye matope. Adapta ilikuwa kwenye rafu ya juu, mbali na ukuta, imefungwa ndani ya leso yake safi. Sikuwa nimesoma barua yako, lakini nilielewa palepale, kama wewe na plagi ya friji. Mkono wangu uliichukua na kuichomeka. Taa ya kijani ikawaka. Leso nikaitia kifuani.

Kwa hivyo wachunguzi walipokuja walikuta kila kitu kimechomekwa. Wakauliza nani alifunga konvata. Meneja akasema karani, kwa kujitolea, bila ruhusa yake. Wakauliza kama boila lina geji. Akawaonyesha. Geji ilikuwepo, mpya, inang'aa, imefungwa pale kana kwamba haijawahi kutoka. Valvu nayo ilikuwa imelegezwa, inalia filimbi vizuri.

Nimefukuzwa. Nasubiri kuitwa polisi. Niko kwa wazazi.

Abigael


Kisii mjini, 12 Aprili 2025

Abi,

Sijui niandike nini. Pole haitoshi, na mimi sina haki ya kuisema. Nilikata simu. Mtu alikuwa upande wa pili wa waya, nami ningeweza kusema neno moja tu, "chomeka," au "zima moto," nikaogopa kuvunja kiapo cha stoo. Idi imepita bila mimi kuionja. Baba anadhani ninaumwa.

Watu wawili kutoka kiwandani walikuja dukani kuuliza tuliwauzia nini. Uzair aliwaonyesha konvata nyingine kama ile, wakaitazama huku na huku, wakaenda. Wanatafuta ubovu ambao haupo.

Nakuja kusema. Nitawaeleza polisi habari ya plagi, hatua kwa hatua, na kwamba kazi yako ilikuwa safi. Nilikufundisha mimi, najua ilikuwa safi. Huwezi kubeba hili. Alichomoa yeye, Abi. Alichomoa kwa mapenzi, lakini alichomoa yeye. Wakielewa hivyo watakuachia.

Niambie nikupateje. Simu yako haipatikani tena.

Istarlin


Nyacheki, 15 Aprili 2025

Dada Istarlin,

Nimesoma barua yako mara nyingi, na nakuomba kitu kimoja. Usiseme.

Ukisema, kitu cha kwanza watakachoandika ni kwamba Ochoki, mchochea moto, alichomoa chombo cha usalama kwa mkono wake mwenyewe. Hawataandika kwamba alikuwa ananilinda mimi. Hawataandika geji. Meneja atapumua, na shangazi Bathsheba, mke wa mjomba, ataambiwa mumewe alijiua kwa uzembe, kwa hivyo kiwanda hakina cha kumlipa wala cha kumwomba radhi. Sasa hivi ana mume aliyeuawa na mpwa mjinga aliyejifanya fundi. Hilo linauma, lakini anaweza kulitamka mbele ya watu na wakalia naye. Hilo lingine hawezi.

Kwenye mazishi alinitazama ng'ambo ya kaburi, hakunisalimia. Mama alikaa upande wake, na ni haki yake, ni kaka yake aliyezikwa. Baba, Mzee Ogoti, ndiye peke yake aliyenishika mkono. Nilikuwa nataka kuiweka leso kaburini. Sikuthubutu kuitoa, wangeuliza nimeipata wapi. Bado ninayo. Inanuka majivu na sabuni ya mche.

Najua utasema hakuna mtu atakayenisafisha jina baadaye. Najua. Nimejaribu kufikiria siku ambayo jambo hili litakuwa limekwisha na sijaiona. Mvua inanyesha kila mchana. Mawingu yakishuka mama anapita nyumba nzima akichomoa plagi moja baada ya nyingine, nami nakaa kitandani nikisikiliza zikitoka ukutani.

Ile siri ya barua ya kwanza nilikuomba kwa ajili ya kazi yangu. Kazi imekwenda, siri imebaki, lakini sasa ni ya mjomba. Naomba uifunge humo stooni pamoja nawe, hata nikiitwa, hata nikifungwa.

Kama bado unataka kuniona, usipige simu na usitume kitu kwa Ronny. Watu wameanza kumuuliza maswali. Njoo mwenyewe, asubuhi, kabla ya mawingu. Panda gari la Nyacheki ukiwa mjini, ushuke kwenye kituo cha kununulia chai. Usimtaje Abigael, uliza kwa Mzee Ogoti mwenye ndizi. Ufuate njia inayoshuka kushoto kati ya mashamba mawili ya chai. Boma la kwanza ni la mjomba, na huwezi kulikwepa, njia inapita mlangoni. Shangazi Bathsheba hukaa nje siku hizi. Atakusimamisha, atakuuliza kama wewe ni rafiki ya yule msichana wa waya. Mwambie ndiyo. Atasema atakayosema. Usiongeze neno, shuka, sisi ni boma linalofuata.

Abigael